Je, Wajua? Hesabu Ndogo Zinazomega Mfuko wa Mnunuzi

Je, wajua kwamba mche wa sabuni ukipunguzwa kutoka gramu 1,000 hadi gramu 900, na bei ikabaki palepale, bei hiyo imepanda kwa zaidi ya asilimia 11? Gawa elfu moja kwa mia tisa uone. Hakuna aliyetangaza kupandisha bei, mwenye duka hajabadili kibandiko, na mnunuzi anatoka akiamini amelipa kama alivyolipa mwezi jana. Bei kila mtu huiuliza, uzito ni wachache wanaousoma, na watengenezaji wanalijua hilo kuliko sisi.

Je, wajua kwamba mwaka 2016 chokoleti ya Toblerone ya gramu 170 iliyokuwa ikiuzwa Uingereza ilipunguzwa hadi gramu 150 kwa kupanua mapengo kati ya vilele vyake? Wanunuzi walikasirika, vyombo vya habari vikalivalia njuga, na mwaka 2018 umbo la zamani likarudishwa. Ufaransa imekwenda mbali zaidi. Kuanzia 1 Julai 2024 maduka makubwa ya vyakula nchini humo yanatakiwa kubandika, kwa muda wa miezi miwili, taarifa mbele ya bidhaa iliyopunguzwa ujazo huku mnunuzi akilipa zaidi kwa kila kilo au lita. Natamani sana kukiona kibandiko cha namna hiyo Kariakoo, Mwanza, Mombasa na Kampala. Mlaji hahitaji hotuba ndefu. Anahitaji kuambiwa kweli pale anapoweka mkono kuchukua pakiti.

Na je, wajua kwamba lumbesa ni kosa kisheria Tanzania? Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Lakini nenda kwenye viazi vya Njombe au vitunguu vya Mang'ola wakati wa mavuno, utaona magunia yamevishwa vilemba, kipande cha gunia jingine kimeshonewa juu na kujazwa mpaka kikavimba. Mnunuzi humlipa mkulima kwa gunia, hamlipi kwa kilo. Tuseme gunia hilo limebeba kilo 130. Katika kila magunia kumi mkulima ametoa kilo 300 bila kulipwa, yaani magunia matatu mazima. Ametoa pia mbegu, mbolea, dawa na vibarua vya magunia hayo matatu. Mzigo huohuo ukifika mjini, unafunguliwa na kuuzwa kwa kilo, kwa fungu na kwa kisado, na wewe unayenunua gengeni hupati nafuu yoyote kutokana na hasara ya yule aliyelima. Kenya nako wakulima wa viazi walilia kilio hichohicho kwa miaka mingi, mpaka kanuni za mwaka 2019 zikaweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi. Sheria zipo. Kinachokosekana ni mizani shambani na mtu wa kuisimamia siku lori linapofika.

Jambo hili halikuanza leo. Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, imebeba jina la wale wanaopunja vipimo, na nabii Amosi katika Biblia aliwakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo, wakaongeza bei na kuchezea mizani. Kwa hiyo ninaposikia lumbesa ikiitwa "mazoea ya soko", nakataa. Ni dhuluma, na iitwe hivyo.

Wajua kwamba bati la geji 32 ni jembamba kuliko bati la geji 28? Namba ikipanda, unene unashuka. Anayejenga kwa mara ya kwanza hudhani kinyume, kisha anafurahia "geji kubwa" kwa bei nafuu. Uliza unene kwa milimita, na uandikwe kwenye risiti.

Je, wajua kwamba uzito wa mtungi mtupu wa gesi umeandikwa kwenye mtungi wenyewe? Utafute karibu na mkono wa kubebea. Jumlisha uzito huo na kilo za gesi unazolipia, halafu omba mtungi upandishwe kwenye mizani kabla hujatoa fedha. Nilimsikia mama mmoja mtu mzima akibishana na kijana wa duka kwa upole mkubwa.

"Mama, lakiri hii hapa, haijaguswa."

"Naiona, mwanangu. Sasa niletee mizani."

Mizani ilitolewa chini ya meza, ina vumbi. Vumbi lile lilinisikitisha, maana lilionyesha ni wateja wangapi waliopita pale bila kuuliza. Mtungi wa kilo sita ukipungua gramu 300 tu, umekatwa asilimia tano ya gesi yako, na kwa familia inayopika maharage hiyo ni chakula cha jioni zaidi ya kimoja.

Je, wajua kwamba bei ya mafuta inayotangazwa na EWURA, mdhibiti wa nishati Tanzania, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi ni bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, na kwamba kituo kina ruhusa ya kuuza chini yake? Kenya hufanya hivyo tarehe 14 ya kila mwezi, kupitia EPRA. Wengi huichukulia bei hiyo kama bei iliyopangwa, kwa hiyo hakuna anayetafuta kituo chenye nafuu, na vituo navyo havioni sababu ya kushindana. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu wachakachuaji walikuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli, na mafuta ya taa yalikuwa rahisi kwa kuwa kodi yake ilikuwa ndogo. Kodi ilipopandishwa kuziba mwanya huo, aliyeumia ni mwananchi wa kijijini mwenye koroboi. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 2011, Kenya ikafuata mwaka 2018. Mwizi alichezea pampu mjini, adhabu ikaenda kwa bibi asiyewahi kumiliki hata baiskeli.

Je, wajua kwamba Zimbabwe ilipoanza kutumia dola ya Marekani mwaka 2009, maduka yalikosa sarafu na wateja wakawa wanarudishiwa pipi, kalamu na karatasi za madeni badala ya chenji? Hali hiyo ilidumu mpaka Desemba 2014, benki kuu ilipotoa sarafu maalumu. Wao walikuwa na sababu, sarafu hazikuwepo. Sisi tunazo, ila bado tunaambiwa "sina hamsini, chukua pipi." Piga hesabu: duka linalobakiza shilingi 50 kwa wateja 200 kwa siku linakusanya shilingi 10,000, na kwa mwaka ni shilingi 3,650,000. Hakuna mteja hata mmoja kati ya hao anayeona ameibiwa. Kondakta wa daladala anayesema "nitakupa ukishuka" anaijua hesabu hiyohiyo. Mwenye haraka hushuka bila kudai, na abiria wa Mbagala na Gongo la Mboto karibu wote wana haraka.

Wajua pia kwamba punguzo la asilimia 50 likifuatiwa na "punguzo jingine la asilimia 20" halifiki asilimia 70? Ni asilimia 60. Ile 20 inakatwa kwenye nusu iliyobaki. Na bei zinazoishia na 9, ambazo kampuni ya viatu ya Bata ilizifanya alama yake tangu zamani, zimewekwa hivyo kwa sababu jicho husoma tarakimu ya kwanza na kuamua. Shilingi 19,900 ni elfu ishirini. Izoeze akili yako kuisoma hivyo.

Sasa umeme, na hapa nitakaa kidogo.

Je, wajua kwamba kuanzia tarehe 24 Novemba 2024 mita nyingi za umeme wa malipo ya kabla duniani zingekataa tokeni mpya kama zisingefanyiwa maboresho? Mita hizi, zikiwemo za LUKU za Tanzania na za Kenya Power, hufuata mfumo mmoja wa kimataifa ambao huhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216 tu, ambazo ni karibu miaka 32. Zikafika mwisho. Ndiyo sababu wateja walitumiwa misururu ya ziada ya tarakimu ishirini ishirini, wakaambiwa waiingize kwa mpangilio kabla ya tokeni yenyewe ya umeme. Wahandisi walifanya kazi nzuri, dunia haikuingia gizani. Lakini mzee asiyeona vizuri, anayeishi peke yake, mwenye mita iliyofungwa juu ya mlango, alihitaji mtu wa kumfikia nyumbani. Ujumbe mfupi wa simu haukumtosha.

Je, wajua kwamba kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja wa Tanzania anayetumia umeme usiozidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, wakati mteja wa kawaida hulipa shilingi 292? Nafuu hiyo iliwekwa kwa ajili ya wenye kipato kidogo, na ni nzuri. Lakini angalia nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja. Kila chumba kina taa mbili, feni na redio. Hakuna anayekaribia uniti 75 peke yake. Wakijumlishwa wanavuka, na wote wanalipa bei ya mwenye nyumba ya kifahari yenye viyoyozi. Maskini wa vyumba vya kupanga wa Manzese na Tandale hawaipati nafuu iliyotungwa kwa jina lao, kwa sababu ya mita tu. Hili linarekebishika, na ningefurahi kuona waandishi wenzangu wa habari za biashara wakilifuatilia kama wanavyofuatilia thamani ya hisa.

Na kodi ya majengo? Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Ni kodi ya mwenye jengo. Anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Kwa mwaka mpangaji anayelipa hiyo 1,500 ametoa shilingi 18,000 zisizo deni lake. Mpangaji, tunza ujumbe wa kila manunuzi na uuonyeshe siku ya kulipa kodi ya pango. Unayo haki ya kuomba kiasi hicho kikatwe.

Je, wajua kwamba bando la intaneti lisiloisha muda linawezekana? Safaricom ilianza kuliuza Kenya Oktoba 2019, baada ya wakili mmoja kulipeleka suala la kuisha kwa vifurushi mbele ya vyombo vya sheria. Mimi nimewahi kununua kifurushi cha wiki, nikasafiri kwenda kijijini kusiko na mtandao, na niliporudi kampuni ikanijulisha kwa ujumbe kwamba muda wangu umekwisha. Nilikuwa nimelipia megabaiti, na megabaiti zile hazikutumika. Mtu akinunua kilo mbili za unga, hakuna mwenye duka anayekuja kuzichukua Jumapili usiku. Wananchi wakisimama pamoja, husikilizwa: tarehe 2 Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilianza Tanzania, kelele zikawa kubwa, na serikali ikazisitisha mara moja.

Sauti hiyohiyo ilisikika miezi michache baadaye. Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza, kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kutegemea kiasi, juu ya ada ya kampuni iliyokuwepo. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikashushwa tena. Kenya, kwa upande wake, hutoza ushuru wa asilimia 15 juu ya ada ya kutuma fedha tangu 2023. Kumbuka mahali huduma hii ilipoanzia. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007 kwa wito wa kutuma pesa nyumbani, yaani kijana wa mjini amtumie mama yake. Mama huyo akipokea elfu ishirini, anakatwa wakati wa kutoa, na kijana ameshakatwa wakati wa kutuma. Kurasa za biashara zinapoandika kwamba mapato ya miamala yamepanda, ningependa ziandike pia, katika aya hiyohiyo, mama huyu amebakiwa na shilingi ngapi mkononi.

Wajua kwamba Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yanataka gharama ya kutuma fedha nje ya nchi iwe chini ya asilimia 3 ifikapo 2030? Kwa muda mrefu Afrika Kusini mwa Sahara imekuwa sehemu ghali kuliko zote duniani kwa huduma hiyo, na kutuma kutoka nchi moja ya Afrika kwenda jirani yake mara nyingi hugharimu kuliko kutuma kutoka Ulaya. Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, ni hatua chache kwa miguu. Fedha ikivuka hapo inalipa nauli ya bara zima.

Je, wajua kwamba ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, kama ile iliyoanza na M-Shwari mwaka 2012, ni sawa na asilimia 90 kwa mwaka? Na hiyo ni huduma ya benki yenye leseni. Wakopeshaji wa mitaani wanaotoza asilimia 5 kwa wiki wamefika asilimia 260 kwa mwaka. Wanawake wa masokoni waliipa mikopo hii jina la kausha damu, na wanajua wanachosema: vyombo vya ndani hubebwa, majokofu, magodoro, hata cherehani inayomlisha mtu. Programu za simu zimeleta aibu ya aina nyingine, kwa kuwapigia ndugu, mabosi na mashemeji wa mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla hujabonyeza "kubali", angalia kama mkopeshaji ana leseni. Programu inayoomba kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako imeshajiandaa kukuaibisha.

Ndugu wa karibu wa jambo hili ni upatu wa mbegu. Charles Ponzi aliwaahidi watu wa Boston faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45, mwaka 1920, akiwalipa wa kwanza kwa fedha za waliofuata. DECI ilitumia lugha ya kupanda na kuvuna, ikakusanya fedha za Watanzania wengi kabla serikali haijaisimamisha mwaka 2009; mwaka 2013 viongozi wake walitiwa hatiani Mahakama ya Kisutu. Miaka inapita, majina yanabadilika, sasa inakuja kwa kundi la WhatsApp. Swali la kuuliza ni moja: faida hii inatokana na kuuza nini, kwa nani?

"Vigezo na masharti kuzingatiwa." Je, wajua kwamba tarehe 1 Aprili 2010 duka la michezo ya kompyuta la Uingereza, GameStation, liliweka kwenye masharti yake kifungu kinachosema mnunuzi anaikabidhi kampuni roho yake, na wateja wapatao 7,500 wakakubali? Aliyesoma na kukataa alipewa vocha ya pauni 5. Walifanya kama mzaha wa Siku ya Wajinga, lakini walithibitisha jambo zito. Masharti huandikwa ili yasisomwe. Redioni kwetu husomwa kwa kasi ambayo hata mtangazaji mwenyewe hawezi kuyarudia. Ningeomba mamlaka za utangazaji ziweke kanuni rahisi: masharti yasomwe kwa kasi ileile ya zawadi.

Zawadi zenyewe ni hatari. Tarehe 25 Mei 1992, Pepsi ilitangaza Ufilipino kwamba kizibo chenye namba 349 kimeshinda peso milioni moja. Namba hiyo ilikuwa imechapwa kwenye mamia ya maelfu ya vizibo. Kampuni ilikataa kulipa, ikatoa peso 500 kwa kila mmoja kama ishara ya nia njema. Watu waliandamana, magari yakachomwa, na kuna waliopoteza maisha. Mahakama ya juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 2006 kwamba kampuni haikuwajibika. Mwaka huohuo wa 1992 Hoover ya Uingereza iliahidi tiketi mbili za ndege kwa mnunuzi wa bidhaa za pauni 100. Walijitokeza wengi mno, hasara ikakaribia pauni milioni 50, na tawi la Ulaya likauzwa. Watoto wetu wanaokusanya vizibo wanastahili kujua ni vingapi vya ushindi viko sokoni. Kampuni inajua idadi hiyo, iichapishe.

Je, wajua kwamba mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa taa za umeme, wakiwemo Osram na Philips, walikubaliana Geneva kwamba taa isizidi saa 1,000, wakati kulikuwa na taa zilizodumu zaidi ya hapo? Mwanachama ambaye taa zake zilidumu kupita kiasi alitozwa faini. Na Desemba 2017 Apple ilikiri kupunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka. Ufaransa ikaitoza euro milioni 25 mwaka 2020 kwa kutowaambia wateja. Unapoambiwa na fundi kwamba simu yako imezeeka, muulize kwanza bei ya betri.

Wajua muziki unaousikia unaposubiri huduma kwa wateja ulianzaje? Mmarekani Alfred Levy, mwenye kiwanda, aligundua kwamba waya uliolegea umegusa nguzo ya chuma ya jengo na kuleta sauti ya redio kwenye simu zilizokuwa zikisubiri. Alipata hataza mwaka 1966. Na hesabu ya kujua wahudumu wangapi wanatosha imejulikana tangu mwaka 1917, Mdenmark Agner Krarup Erlang alipoichapisha akiwa anafanya kazi ya simu Copenhagen. Kwa hiyo kampuni inayokuweka dakika arobaini kwenye muziki haikosi maarifa. Imeamua kuajiri wachache. Hesabu za foleni zinaonyesha pia kwamba mstari mmoja unaogawanyika kwa madirisha mengi ni wa haki kuliko mistari mingi, kwa sababu mteja mmoja mwenye shida ndefu hawacheleweshi wote walio nyuma yake. Benki zetu nyingi zimelielewa hilo. Hospitali na ofisi za umma bado.

Kwa walio ughaibuni: ndege ikiondoka kwenye uwanja wa Umoja wa Ulaya, tuseme Amsterdam kuja Dar es Salaam au Nairobi, na ikachelewa kufika kwa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, abiria ana haki ya fidia hadi euro 600, hata kama shirika si la Ulaya. Begi likiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea.

Je, wajua kwamba duka kubwa la Nakumatt la Kenya lilitokana na duka la magodoro la Nakuru, na kwamba jina rasmi la kampuni ya Tuskys lilikuwa Tusker Mattresses? Yalikua hadi yakawa fahari ya Afrika Mashariki. Januari 2020 wadai wa Nakumatt walipiga kura lifungwe, likiwa na madeni ya mabilioni kwa wasambazaji. Duka likifa, pointi za kadi na vocha za zawadi huwa madai yasiyo na dhamana, nyuma ya benki na mamlaka za kodi. Zitumie mapema. Fedha za benki zina kinga kubwa kidogo: Bodi ya Bima ya Amana Tanzania iliongeza kinga kutoka shilingi milioni 1.5 hadi milioni 7.5 mwaka 2023, na Kenya ni shilingi 500,000 tangu 2020. Benki tano ndogo zilipofutiwa leseni Tanzania Januari 2018, kikomo kilikuwa bado kile cha zamani.

Na lile bango la "Mali ikishauzwa hairudishwi"? Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, ya kupewa taarifa, ya kulindwa afya na maslahi yake, na ya kufidiwa akipata hasara kutokana na kasoro. Bango la ukutani halifuti katiba. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na tume yake, FCC. Nionavyo, haki za mlaji zinastahili kuandikwa ndani ya katiba yetu pia.

Siku ya Haki za Mlaji huadhimishwa kila tarehe 15 Machi, siku ambayo Rais John F. Kennedy alilitumia Bunge la Marekani ujumbe kuhusu haki hizo mwaka 1962. Usiisubiri. Ukipunjwa, dai risiti, andika tarehe, na upeleke malalamiko yako. Kwa Tanzania, mizani na vipimo ni Wakala wa Vipimo, ubora ni TBS, simu na vifurushi ni TCRA, mafuta na umeme ni EWURA, nauli ni LATRA, mikopo na benki ni Benki Kuu. Andika hata kama ni shilingi hamsini.